Siku ganda la chungwa lilipokubali kulainika

Chupa namba 4 ilikaa siku mbili kwenye mashine ya kutikisia, nyuzijoto 50, na ganda la chungwa ndani yake likabaki vilevile. Nilikuwa nimelikatakata vipande vidogo kama ukucha, nikaongeza maji yenye uchachu kidogo, kisha nikamimina kimeng'enya cha kuvu, yaani protini inayokata selulosi, ile inayojenga kuta za mmea, tena kwa wingi. Nilikwenda nyumbani jioni ile nikiamini nitakuta uji. Niliporudi nilikuta vipande vinaelea, rangi imepauka, lakini ukikibana kimoja kwa koleo kinasukuma nyuma kama mpira. Nilikaa pale nikikitazama kwa muda mrefu. Mafunzo yote niliyopata yalikuwa yamenifundisha kwamba kuvu humaliza mimea iliyokufa. Mbona kimeng'enya chake hakimalizi?

Mimi ni fundi wa maabara. Kwa miaka miwili sasa kazi yangu ni mabaki ya mimea yanayotoka jikoni: maganda ya viazi na ya machungwa, majani ya nje ya kabichi, mashina ya mboga yaliyokomaa, makapi ya kahawa. Nikiulizwa ninafanya nini najibu kwamba natafuta sukari kwenye taka, na ndivyo ilivyo hasa. Ukuta wa kila chembe ya mmea umejengwa kwa selulosi, na selulosi ni mnyororo mrefu wa glukosi, sukari ileile inayozunguka kwenye damu yetu. Kwa hiyo ndoo ya maganda ni ghala la sukari, ila mlango wake hatuna uwezo wa kuufungua kwa tumbo letu.

Juu ya sinki la maabara nimebandika namba moja. Ripoti ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, iliyotoka mwaka 2024 ilikadiria kwamba katika mwaka 2022 pekee dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula, pamoja na zile sehemu zisizolika kama maganda na mifupa. Asilimia 60 ya taka hizo zilitoka majumbani. Sehemu kubwa huishia kufukiwa mahali pasipo hewa, na huko vijidudu huzigeuza kuwa methani, gesi inayoongeza joto la dunia. Namba hiyo naitazama kila ninapoosha vyombo, na huwa inaniuma, kwa sababu najua kilichomo ndani ya kila ganda linalofukiwa.

Nieleze kwanza kuvu inakulaje, maana hapo ndipo kazi yote ilipo. Sisi tunameza kisha tunameng'enya. Kuvu haina mdomo wala tumbo. Nyuzi zake nyembamba hupenya ndani ya mmea, na ncha za nyuzi hizo humwaga protini nje, kwenye kitu chenyewe kinacholiwa. Protini hizo ndizo vimeng'enya. Hukata, hulegeza, huyeyusha, na sukari ikishapatikana kuvu huifyonza. Kwa kuwa umeng'enyaji wote hufanyika nje ya mwili, inawezekana kuzikusanya protini hizo, kuzichuja, kuzitia kwenye chupa na kuzitumia bila kuvu yenyewe kuwapo. Ingekuwa inameng'enya tumboni kama sisi, nisingekuwa na kazi.

Na kazi hiyo ni ngumu kuliko inavyoonekana. Mwaka 1998 Richard Wolfenden na wenzake walikadiria kwamba ukiuacha mnyororo wa selulosi ndani ya maji, katika joto la kawaida, bila kimeng'enya, itachukua karibu miaka milioni 5 nusu ya viungo vyake kukatika. Kuvu haina muda huo. Inataka kula leo.

Kimeng'enya nilichomimina kwenye chupa namba 4 kina historia ninayoipenda. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia jeshi la Marekani lilikuwa na tatizo kwenye visiwa vya Pasifiki: mahema, mikanda na nguo za pamba zilikuwa zinaoza haraka mno kwenye unyevunyevu. Pamba ni selulosi karibu tupu. Wachunguzi wakakusanya ukungu uliokuwa unazila, na mmoja wao, uliotoka kwenye turubai lililooza huko Bougainville, katika visiwa vya Solomon, ukapewa namba QM6a. Kwenye maabara ya jeshi, Elwyn Reese na Mary Mandels walitumia miaka mingi kuuchunguza. Nia ya mwanzo ilikuwa kuuzuia. Baadaye wakaona thamani yake iko upande wa pili: kama unaweza kula hema, unaweza pia kula karatasi chakavu na mabua ya shambani. Mwaka 1977 ukapewa jina Trichoderma reesei, kwa heshima ya Reese. Aina za kuvu hii zinazotumika viwandani leo ni uzao wa ule ukungu mmoja wa kwenye turubai. Baadhi ya aina zilizoboreshwa hutoa zaidi ya gramu 100 za protini katika lita moja ya kimiminika. Nikishika kichupa cha kimeng'enya hicho cha rangi ya kahawia huwa nafikiri juu ya hema lile.

Ndani ya kichupa hamna protini moja. Ni kikosi. Wapo wanaokata mnyororo katikati, popote panapolegea. Wapo wanaoshika ncha. Anayetawala kwa wingi ni Cel7A, ambaye peke yake ni karibu nusu au zaidi ya protini yote ambayo Trichoderma huimwaga. Umbo lake lina handaki. Huingiza ncha ya mnyororo ndani ya handaki hilo na kuuvuta kama mtu anayepitisha uzi kwenye tundu la sindano, akikata sukari mbili mbili kila hatua. Sukari hizo mbili zilizoshikana huitwa selobiosi. Halafu yupo wa mwisho, beta-glukosidesi, anayezitenganisha ziwe glukosi. Huyu wa mwisho Trichoderma humtoa kwa uchache, na ndiyo maana watu wengi huongeza wa kutoka kwa kuvu nyingine, Aspergillus. Asipotosheleza, selobiosi hujaa na kumzuia Cel7A asifanye kazi. Kikosi kizima husimama kwa kumngoja mtu mmoja.

Kuna picha zilizonibadilisha namna ya kuwaza. Mwaka 2011 Kiyohiko Igarashi na wenzake huko Japani walitumia hadubini ya aina yake, ambayo hupapasa uso wa kitu kwa ncha nyembamba na kwa kasi kubwa, wakaiona molekuli moja moja ya Cel7A ikitembea juu ya selulosi. Ilikwenda takriban nanomita 7 kwa sekunde, upande mmoja tu, bila kurudi. Kisha moja ikasimama mahali penye kikwazo, iliyofuata ikasimama nyuma yake, na nyingine, na nyingine, mpaka kukawa na foleni kama ya magari. Walipoongeza kimeng'enya kingine cha kuvu hiyohiyo, Cel6A, foleni ilipungua sana na molekuli nyingi zaidi zikawa zinatembea. Tangu nizione picha zile, matokeo yakiwa mabaya sisemi tena kwamba kimeng'enya ni dhaifu. Najiuliza kimekwama wapi, na nani hayupo.

Reese mwenyewe alihisi jambo kama hili mapema. Mwaka 1950 yeye na wenzake walipendekeza kwamba kabla ya wakataji kuingia, lazima kuwe na kitu kinachoifungua kwanza selulosi iliyopangika kwa ubanano. Kitu hicho kilitafutwa kwa miaka 60. Mwaka 2010 watafiti wa Ås, Norwei, kundi la Vincent Eijsink, walionyesha kwamba protini moja ya bakteria huukata mnyororo wa kitini, binamu wa selulosi, kwa njia ya oksijeni badala ya maji. Muda mfupi baadaye ikathibitika kwamba kuvu zina protini za jamii hiyo kwa wingi, kila moja ikiwa na atomi moja ya shaba, na kwamba hizo huchana uso wa selulosi palepale ulipobanana, zikiwapa wenzao ncha mpya za kushika. Protini hizo zilikuwa zimeshaonekana siku nyingi. Ziliwekwa kwenye kundi la wakataji wa kawaida, na kwa kuwa hazikukata vizuri zilionekana hazina maana. Jambo hilo huwa nalisimulia kwa kila mwanafunzi anayekuja kujifunza kwetu.

Sasa turudi kwenye chupa.

Nilimwita mzee wetu wa maabara, mtu aliyezeeka na vimeng'enya. Alichukua kipande kwa koleo, akakitazama dhidi ya mwanga, akaniuliza, "Binti yangu, ganda hili ulilifanya nini kabla ya kuliweka humu?"

"Nililikausha, Mzee. Tanurini, nyuzijoto 105, usiku kucha, ili nipate uzito wake mkavu."

Akatikisa kichwa. "Umelifumba mdomo, halafu unataka lilishwe."

Alikuwa sahihi. Ganda bichi lina vitundu vidogo vilivyojaa maji, na kimeng'enya ni molekuli kubwa inayohitaji vitundu hivyo ili ipenye. Ukikausha kwa joto kali kuta za vitundu hugandana, na nyingi hazifunguki tena hata ukiloweka. Uzito mkavu unapimwa kwenye sampuli ya pembeni, si kwenye ile unayotaka kuimeng'enya. Nilikuwa nimelisoma hilo, lakini sikulijua mpaka siku ile.

Nikaanza upya na ganda bichi. Matokeo yakawa bora, ila si sana. Kipande bado kilisukuma koleo. Mzee akaniuliza swali la pili, ambalo lilikuwa gumu zaidi: "Unajua ganda la chungwa limeshikwa na nini?" Nikasema selulosi. Akasema, "Hiyo ni mifupa. Nyama yake je?"

Nyama yake ni pektini. Ni ile gundi inayofanya jemu igande. Kwenye ganda la chungwa pektini ni nyingi sana, katika maganda mengi ni zaidi ya theluthi moja ya kuta za chembe, na ndiyo inayoshikamanisha chembe moja na nyingine. Wakataji wangu wa selulosi walikuwa wamefika kwenye nyumba ambayo mlango umesakafiwa. Waliohitajika kwanza ni wakata pektini, ambao Aspergillus niger huwatoa kwa ukarimu. Watengenezaji wa juisi wamekuwa wakiwatumia tangu miaka ya 1930 ili juisi iwe angavu. Nilikuwa nao kwenye jokofu, rafu ya juu, siku zote.

Niliwaongeza asubuhi. Kabla ya mchana kuisha vipande vilikuwa vimeanza kupoteza kingo zake. Kufikia jioni chupa ilikuwa na supu ya rangi ya maziwa iliyochanganyika na manjano, na chini mashapo mepesi ambayo ukiyatikisa yanapaa na kutua polepole. Niliingiza koleo nikakosa cha kushika. Nakumbuka nilicheka kwa sauti nikiwa peke yangu.

Furaha hiyo ikanifanya nikosee tena. Namna tunavyopima sukari ni rahisi: unachanganya tone la sampuli na kemikali ya manjano, unachemsha kwa dakika 5, na sukari ikiwapo rangi inageuka kuwa nyekundu ya kahawia. Kadiri sukari ilivyo nyingi ndivyo rangi inavyoiva. Neli zangu ziliiva vizuri mno. Nikaandika namba kubwa daftarini. Kisha nikachemsha neli ya ulinganisho, ile yenye ganda na maji bila kimeng'enya, nayo ikaiva pia. Haikuiva kama zile, lakini kwa kiasi cha kutosha kuniharibia mahesabu. Ganda la chungwa lina sukari yake huru tayari, sukari inayoyeyuka ukililoweka tu. Nilikuwa ninawapa vimeng'enya sifa ya kazi ambayo tunda lilishaifanya likiwa mtini. Nikatoa namba moja kutoka nyingine, nikafuta, nikaandika upya. Iliyobaki ilikuwa bado namba nzuri, na ilikuwa ya kweli.

Kisha nikaweka hamira, nikitarajia sukari ile igeuke kuwa pombe. Hapakutoka povu hata moja. Hamira ilikufa. Harufu ya chungwa iliyokuwa inanifurahisha kila nikifungua chupa ndiyo iliyoiua: mafuta ya limonini, ambayo mti huyatumia kujilinda na wadudu na vijidudu. Siku hizi ganda la chungwa hupita kwanza kwenye mvuke ili mafuta yatoke. Mafuta hayo yenyewe yana wateja, kwa hiyo hatua hiyo haipotezi kitu.

Maganda mengine nitayapitia haraka. Ganda la kiazi ni jepesi, kwa kuwa limebeba wanga, na wanga hukatika kirahisi kuliko selulosi. Hapo hutumika amilasi za Aspergillus. Jokichi Takamine alipata hataza Marekani mwaka 1894 kwa vimeng'enya vya namna hii, vilivyotoka kwenye Aspergillus oryzae iliyooteshwa juu ya pumba za ngano. Napenda kwamba hata wakati ule kuvu ililishwa kilichobaki baada ya unga kutoka. Makapi ya kahawa yana manani, mnyororo wa sukari nyingine, na bila mananasi, kimeng'enya chake, utakesha. (Ndiyo, kimeng'enya hicho kinasikika kama tunda. Hakihusiani nalo.) Majani ya kabichi huisha kabla sijamaliza kuandika lebo.

Mashina yaliyokomaa na magunzi ya mahindi ni habari nyingine. Humo kuna lignini, ile inayoufanya mti uwe mti. Trichoderma haiwezi kuimaliza. Kuvu zinazoiweza ni zile zinazoozesha magogo mpaka yanabaki meupe, kama Phanerochaete chrysosporium, na mwaka 1983 ndipo kimeng'enya chake kinachoshambulia lignini kilipotangazwa. Lakini kazi hiyo huenda kwa wiki nyingi, si kwa saa. Kwa hiyo wengi huanza na mvuke mkali au kemikali kabla ya kuviita vimeng'enya.

Kuna jambo naulizwa mara kwa mara na nataka nilijibu kwa uwazi: je, ukungu unaoota wenyewe kwenye ndoo ya taka unaweza kufanya kazi hii, kisha mtu akawalisha wanyama? Tafadhali usifanye hivyo. Kimeng'enya ninachotumia kimechujwa kutoka kwenye kuvu inayojulikana. Ndoo yako hujui imeotwa na nani. Aspergillus flavus hutoa sumukuvu ambayo huumiza ini la mnyama na la mtu, na kuichemsha hakuiondoi kwa kiasi cha kuaminika. Vumbi la ukungu mkavu nalo si la kuvuta puani. Taka yenye ukungu iende kwenye mboji. Huko kuvu zitatumia vimeng'enya hivihivi ninavyovieleza, bure, na udongo utafaidi. Zisaidie tu: katakata vipande vidogo, weka unyevu, usiache maganda yakauke juani mpaka yawe kama mbao, na magunzi yatenge lundo lake.

Hapo kwenye kutenga ndipo penye fikra yangu yote kwa sasa. Watu wengi wenye nia njema huniuliza lini tutapata kimeng'enya kimoja chenye nguvu kitakachomaliza kila kitu. Sidhani kama hilo ndilo la kutafuta. Kuvu yenyewe haina kimeng'enya kama hicho, nayo imefanya kazi hii kwa muda mrefu kuliko tunavyoweza kuhesabu. Inachofanya ni kuonja kwanza. Trichoderma ikikuta glukosi tayari, huzima utoaji wa vimeng'enya vya selulosi, maana ya nini kujenga shoka wakati kuni zimeshapasuliwa? Ikikuta dalili za selulosi, huviwasha. Hujua iko kwenye nini, ndipo huamua nani atoke. Sisi tunachanganya chungwa, gunzi na kahawa kwenye mfuko mmoja, tunafunga fundo, halafu tunalalamika kwamba sayansi ni ghali.

Kwa hiyo tangu mwezi uliopita nimeanza jaribio la ndoo iliyochanganyika, kwa hatua. Kwanza mvuke, mafuta yatoke. Kisha wakata pektini na wakata wanga, saa 6. Kisha nachuja, na kile kinachobaki ndicho kinachokutana na kikosi cha Trichoderma, kikiwa na beta-glukosidesi ya kutosha. Chupa ziko 5, kila moja na mpangilio wake, na sasa nina neli ya ulinganisho kwa kila moja. Uji ni mzito mno kwenye chupa mbili. Nimeweka taka nyingi kwa maji kidogo, na mashine inahangaika kuuzungusha. Nitapunguza.

Jioni hii nimechemsha sampuli za kwanza. Neli nne zimeiva kwa viwango tofauti. Ya tano, ile ambayo Trichoderma alitangulia na wakata pektini wakafuata, haijaipita sana neli yake ya ulinganisho. Nimeziweka zote dirishani, nimeandika saa, na Mzee amepita akainama kuzitazama, mikono nyuma, akaniuliza kuhusu ile ya tano tu.